Mchana Ambao Sikupiga Simu

11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo, maana chumba hiki kina kiti kimoja na leo kina mwenyewe. Mimi ni mzima, kifua tu kinabana kidogo kwa baridi ya kazini. Nisalimie shemeji na watoto wote, na yule mdogo mwambie mjomba bado anakumbuka kwamba alimng'ata.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Binti yako mkubwa amepokea mara mbili akaniambia, "Mjomba, mama anashona." Mara ya tatu nikamuuliza, anashona nini kisichoisha? Akacheka, halafu nikasikia ananyang'anywa simu. Kwa hiyo najua ulikuwa hapo hapo. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha mapema, nivumilie.

Nataka kukueleza kuhusu siku Baba alipotutoka. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, kweli, lakini walinibadilishia zamu asubuhi ile ile. Kazi yangu unaijua, kupanga maboksi ya samaki na nyama za kugandishwa. Dakika arobaini ndani ya chumba cha baridi, kumi na tano nje, kisha unarudi. Simu hairuhusiwi ndani, inabaki kwenye kabati. Ndiyo sababu saa saba sikupiga, na ndiyo sababu wewe ulipiga mara kumi na nne bila kupokelewa. Nilipotoka nikakuta ujumbe wa shemeji. Nikakupigia, ukasema neno moja tu, "Umechelewa," ukakata.

Dada, nimelala na hilo neno kila siku tangu hapo. Miaka miwili, kila siku ya mapumziko, saa saba mchana ya huko nilipiga, nawe ukamwekea Baba simu sikioni kwa kuwa mkono wake ulikuwa hauna nguvu. Siku moja tu nimekosa. Naomba uniambie kitu kimoja: alikuwa ananisubiri?

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, ila inasomeka. Huku tupo. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini anaenda kazini. Watoto wazima. Binti mkubwa amefaulu, sasa anajiona mkubwa zaidi, akitumwa anauliza "kwa nini mimi". Yule mdogo meno ya mbele yameng'oka, kwa hiyo uko salama kwa muda.

Chumba cha Baba nimekifagia. Kitanda nimekiegemeza ukutani na cherehani nimeihamishia humo kwa sababu kuna mwanga. Nguo zake bado sijazigusa. Nina sare za shule nyingi za kumaliza, vidole vimechanika.

Unauliza kama alikuwa anakusubiri. Mtu aliyezoeshwa kusikia sauti saa saba kila wiki kwa miaka miwili, saa saba ikifika anafanya nini? Jijibu mwenyewe.

Kuhusu simu, nikishona sipokei.

Dada yako

14 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimejijibu. Sitakuuliza tena.

Anayekuletea mzigo huu ni mwenzangu tunayelala chumba kimoja. Sisi tunamwita Kinyozi kwa kuwa ndiye anayetunyoa wote, ingawa ukimwona yeye mwenyewe kichwani utashangaa. Anakuja nyumbani kwao likizo na amekubali kupita kwako. Ni mtu mwema, mdomo tu ndio haufungi. Kuna blanketi, viatu vya watoto, na mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa ambao mwenye duka aliniapia kwamba hauwi butu. Ukiwa butu utaniambia.

Mimi siku hizi siku ya mapumziko naingia kazini pia. Msimamizi amefurahi, anasema angekuwa na watu kumi kama mimi. Nikikaa chumbani nafikiria, nikiwa ndani ya baridi sifikirii, ndio uzuri wake. Kope zinashikana kwa barafu, unahesabu maboksi tu.

Wasalimie wote.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo umefika wote. Viatu vimewatosha wawili, wa tatu vinambana lakini amekataa kuvivua hata wakati wa kulala. Mkasi ni mzuri. Shemeji yako amelichukua blanketi kabla sijalikunjua.

Kinyozi wako alikuja akakaa kutwa. Kweli mdomo wake hauna breki. Alimnyoa shemeji yako, akawanyoa na watoto wa jirani, akala, akasifu, akaongezewa. Nikamuuliza, "Huko mnaishije?" Akasema, "Dada, kwa maneno utachoka, ngoja nikuoneshe." Akatoa simu yake na kuanza kunipitisha kwenye picha. Chumba chenu. Vitanda vya kupandana. Wewe umelala na soksi mkononi. Kisha picha nyingine, mko mezani watu watatu, vikapu vidogo vidogo vimejaa mbele yenu, wewe umefungua mdomo unacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Kisha mko kwenye viti vyekundu, gizani, mmevaa miwani ya karatasi.

Nikamwambia, "Hapa mlikuwa na furaha sana." Akasema, "Hii ndiyo siku yenyewe, dada. Siku ya msiba wetu. Maskini, hatukujua kitu mpaka tulipotoka." Tarehe ilikuwa chini ya picha. Nilimwongezea chai.

Sasa mimi nina swali langu moja. Huko kwenye chumba cha baridi mnavaa miwani ya karatasi?

Dada yako

25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kuisomea chooni, maana hapa hakuna pengine pa kuwa peke yako.

Nilikudanganya. Hakuna aliyenibadilishia zamu. Nitakueleza siku ile yote kama ilivyokuwa, sitaacha kitu.

Tulikuwa watatu, mimi, Kinyozi, na Dereva, yule anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo. Dereva alikuwa amemaliza miaka kumi kazini na hakuna mkubwa aliyemwambia hata pole. Akasema, "Basi nitajisherehekea mwenyewe, nanyi mnakuja, na atakayevaa buti za kazini namfukuza." Akatupeleka kwenye hoteli ya Wachina, ghorofani, sehemu ambayo tulikuwa tunaipita kila siku bila kuinua macho. Chakula chao cha mchana kinaitwa dimsamu. Haiagizwi sahani moja kubwa. Wanawake wanapita na vigari katikati ya meza, juu vimepangwa vikapu vya mianzi vyenye vifuniko, na wewe unanyoosha kidole. Wakifunua, mvuke unapanda mpaka humwoni uliyekaa naye.

Ndani ya vikapu kuna vijifuko vya unga mwembamba, vingine kamba wanaonekana kwa ndani kama kitu kilicho nyuma ya pazia, vingine nyama, vingine mikate midogo myeupe isiyo na ganda, laini kama shavu la mtoto. Chai haikatiki. Ukitoa kifuniko cha birika na kukiweka pembeni wanajua imeisha, wanaleta nyingine bila kukuuliza. Vijiti vya kulia vilitushinda. Kinyozi alikibana kijifuko kikaruka mpaka meza ya jirani, kikatua kwenye sahani ya mzee mmoja. Mzee akakitazama, akamtazama Kinyozi, akakila. Hapo ndipo picha ile ilipigwa. Ndicho nilichokuwa nacheka.

Dada, mimi kutwa nashika vitu vilivyoganda. Chakula ninachokijua huku ni boksi gumu la kilo ishirini. Siku ile nilishika kikapu cha moto kwa mikono miwili na sikutaka kukiachia. Yule mama wa kigari alinisubiri, halafu akanigonga kwa kidole mkononi taratibu kama anavyopigwa mtoto, akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kunigusa bila kunipa mzigo.

Tulipomaliza, saa ilikuwa inakaribia tisa ya huku, yaani saa saba ya kwenu. Nilikumbuka. Sitaki useme nilisahau, maana nilikumbuka. Nikasimama na simu mkononi. Dereva akasema, "Filamu inaanza, twende, utapiga ukitoka." Nikafikiri: Baba atakuwa pale pale kitandani. Atauliza kama nimekula, nitasema nimekula. Nitamuuliza usingizi, atasema ni wa vipande vipande. Mazungumzo ni yale yale kila wiki, yakisogea saa mbili mbele hayataharibika. Nikazima simu. Si kwamba iliisha chaji. Niliizima kwa kidole changu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mambo yasiyokuwepo. Binti wa mhunzi anaishi kwenye mji uliojengwa mgongoni mwa joka aliyelala, na watu wote wanatembea kwa vidole wasimwamshe. Usafiri wao ni nondo, wale vipepeo wa usiku, wakubwa kama lori. Unavaa ile miwani na nondo anakujia usoni, unainama. Nilipiga kelele, Dada, mimi na mvi zangu. Joka alipofungua jicho moja, jicho peke yake lilijaa ukuta mzima, na mimi nikajikuta nimemshika Dereva mkono. Kwa saa mbili na zaidi sikuwa na kifua, sikuwa na msimamizi, sikuwa na baba mgonjwa. Sitakuficha. Hata wewe sikuwa na wewe. Nilikuwa mwepesi.

Tukatoka nje mwanga unaumiza macho, Kinyozi anaiga nondo katikati ya watu. Nikawasha simu. Mengine unayajua.

Kwa hiyo wakati Baba anasubiri sauti yangu, mimi nilikuwa namwogopa joka wa uongo. Hiyo ndiyo kweli. Kazi nimeongeza, siku ya mapumziko siioni tena, na wenzangu wakienda popote nasema nina zamu. Dimsamu sijaila tena wala sitaila. Sikuombi unisamehe. Nimekueleza kwa sababu umeniuliza.

Mdogo wako

10 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kukaa kimya muda mrefu. Huku wazima. Mgongo wa shemeji yako umepata nafuu. Binti mkubwa ameanza kukata vitambaa kwa ule mkasi, anakata vizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake, simwambii.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika nimekusamehe. Nikaichana, maana haikuwa haki yangu kuandika hivyo.

Kinyozi aliniambia jambo jingine ambalo sikukuandikia. Tulipokuwa tunamsindikiza alisema, "Dada, mwambie ndugu yako apumzike. Anakohoa mpaka sisi tunaamka kumsikiliza kama ataendelea kupumua. Tukimwambia aende kwa daktari anasema yeye hajali." Nikaitikia kwa kichwa tu. Nikasema moyoni, mwache akohoe. Nilisema hivyo kweli. Sasa nimesoma umeandika kwamba siku ya mapumziko huioni tena, na najua ni mimi niliyekuingiza kwenye hicho chumba cha baridi na kukufungia.

Sikiliza. Siku ile mimi sikuwa nyumbani.

Nilikwenda kupeleka nguo kwa mteja wangu, yule mama mwenye saluni. Ilikuwa saa tano na nusu. Baba nilimwacha amekula uji, nimemgeuza upande, nimemwekea maji, nikamwambia narudi sasa hivi. Shemeji yako kazini, watoto kwa bibi yao mzaa baba. Nilipofika walikuwa wanapakua chakula, wanawake wanne, wakasema, "Fundi, kaa." Nikasema nina mgonjwa. Wakasema, "Kaa dakika tano, mgonjwa hakimbii." Nikakaa. Miaka miwili nilikuwa sijala nimekaa chini na watu, ndugu yangu. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, sikio chumbani. Walinipa sahani ambayo sikuipika mimi. Wakaanza kusimulia habari za mume wa mmoja wao aliyejifungia nje na taulo, nikacheka mpaka nikaegemea ukuta.

Saa saba ilipofika niliikumbuka, kama wewe. Simu ilikuwa kwenye mkoba, nikaitoa nikaiweka mezani. Nikapanga: ukipiga, nitatoka barazani nikuambie Baba amelala. Haikuwa mara ya kwanza. Kuna siku nyingine nilizokuambia Baba amelala naye alikuwa macho, ila mimi ndiye sikuwepo. Hukupiga. Nikashukuru. Nikafikiri, leo sihitaji kudanganya, na nikajiongezea chakula.

Nilirudi saa tisa kasoro. Mlango nilifungua nikiwa bado nacheka peke yangu. Baba alikuwa amelala upande ule ule niliomgeuzia, maji hayajaguswa. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuwa mgumu. Daktari aliyekuja alisema ni tangu saa sita hivi, usingizini.

Umeelewa? Zile simu kumi na nne zote nilizipiga baada ya kumkuta. Saa saba hapakuwa na mtu anayekusubiri. Kama ungepiga, ungesikia sauti yangu inakudanganya, ungeaga, na ungeenda kutazama joka lako. Hukumkosesha Baba kitu.

Watu wote niliwaambia nilikuwa jikoni. Shemeji yako anajua nilikuwa jikoni. Halafu wewe ukapiga, na kabla sijafikiri neno likanitoka, umechelewa. Nilipoona umelichukua kuwa lako, nikakuachia. Mmoja wetu alitakiwa kuwa amechelewa, na wewe ulikuwa mbali, sikuwa nauona uso wako. Hata picha zile nilipoziona nilifurahi, nisikufiche. Nikasema, kumbe naye. Ningeweza kukuambia siku ile ile. Badala yake nikakuuliza kuhusu miwani.

Sijui utafanya nini na barua hii. Ukimwonesha shemeji yako siku moja, sitakataa.

Acha kazi ya siku za mapumziko. Nenda kwa daktari.

Dada yako

17 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu nyingi kwa shemeji, na kwa binti mkubwa mwambie mkasi ule sasa ni wake.

Nilikasirika. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikakaa siku nne bila kuigusa. Kazini niliangusha rundo zima la maboksi, msimamizi akaniuliza kama nimelewa. Miezi saba, Dada. Nilikuwa nikifumba macho namwona Baba ameigeuzia simu uso wake. Ulijua, ukaniacha. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya na nilikuwa nayo ya kutosha, kwa haya huhitaji shule.

Siku ya tano nikaisoma tena, pale unaposema ulikuwa unakula umesimama jikoni. Nikaisoma sehemu hiyo tu. Halafu nikamwuliza Kinyozi, "Dada yangu ulimwonaje?" Akasema, "Amechoka kuliko wewe." Mtu anayesema maneno elfu kwa siku, hapo akasema hayo tu.

Sasa nikuambie kitu nami. Zile mara ulizosema Baba amelala, mimi nilikuwa nasikia honi za magari, na mara moja nilisikia mtu anapunguziwa bei ya vitunguu. Nyumbani kwetu hapapiti gari. Nilijua umetoka. Sikusema kwa sababu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nakata simu nawaza, leo amepata hewa kidogo. Ungeniambia siku ile ile kwamba ulikuwa umekaa unakula na watu wanakuchekesha, ningekuambia vizuri. Nadhani ningekuambia. Au labda ningekulaumu, kwa kuwa nilikuwa natafuta wa kulaumu, kama wewe ulivyomtafuta. Sijui. Tumeshapita hapo.

Kuhusu shemeji sitamwonesha mtu chochote. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako. Ukitaka kumwambia na ukaogopa, nitakuwa kwenye simu unapomwambia.

Kwa daktari nilikwenda. Kifua kina maji kidogo, si ya kutisha, nimepewa dawa na karatasi ya kunitoa chumba cha baridi mpaka mwisho wa mwaka. Sasa nafagia ghala la nje na kubandika namba kwenye maboksi. Jua linanipiga mgongoni kuanzia saa nne. Siku ya mapumziko nimeirudisha. Ya kwanza nililala kutwa. Ya pili ndiyo leo, ni mchana, na Dereva amesimama mlangoni amevaa viatu vya kutokea, ananiuliza kama naandika barua au katiba.

Nyumbani siwezi kuja kabla ya mkataba kuisha, hilo unalijua. Ila nguo za Baba usizigawe peke yako, zisubiri tuzikunje wote.

Na simu nitarudia kupiga, siku ile ile, saa saba ya kwenu. Nimekupigia wiki mbili hizi ikaita mara moja nikakata, sikuwa tayari. Sasa niko tayari. Hakuna tena wa kumwekea simu sikioni, basi iweke kwako. Na kama utakuwa umetoka, usirudi mbio kwa ajili yangu wala usiniambie kuna aliyelala. Pokea huko huko uliko, uniambie mnakula nini.

Mdogo wako